Kamba za Umri Moja

9/9, siku ya kwanza

Leo nimeanza kazi. Ninaandika ili siku watu watakapouliza mufundi mukubwa Rukundo alianzia wapi, jibu liwe tayari, tena kwa hati nzuri. Kwetu ni Masisi, juu kwenye nyasi na ng'ombe. Nilisoma mpaka ya pili sekondari, nikatoka. Mwalimu wa hesabu alinisindikiza mpaka barabarani kwa furaha. Halafu nikaenda Mubi, kupakiza mizigo juu ya mapikipiki, mpaka siku nilipomwambia bosi ukweli juu ya tumbo lake. Sasa niko Kibua kwa mama mudogo Verdiane, ndani ya pori ambayo hata jua linapita likiomba ruhusa.

Mama mudogo njo aliniombea kazi kwa Papa Hubert. Papa Hubert anajenga daraja za kamba za pori, zile zinazoning'inia juu ya muto bila musumari hata moja. Ya zamani ilianguka. Soko, masomo, hospitali ndogo na barabara, vyote viko ngambo ile, na kijiji kizima kinavuka ndani ya mutumbwi moja unaovuja. Maji makubwa yakija, hata huo hautavuka. Komite inataka daraja mupya mbele ya hapo.

Mukubwa wa komite anaitwa Papa Sébastien. Alinipima kutoka kichwani mpaka kwenye kandambili, akamuuliza mama mudogo, mbele yangu, kama watoto wote wa pori wamekufa mpaka kazi ya pori ipewe mutoto wa nyasi. Papa Hubert alikuwa anachonga kijiti, hakuinua macho.

"Daraja iko na ngambo mbili, Sébastien. Ile nitasimama mimi. Hii atasimama yeye."

Sébastien akasema sawa, lakini ikiharibika mukononi mwangu nitarudi nilikotoka siku hiyo hiyo. Nikamwambia asijali, mimi sijawahi kuharibu kitu. Mama mudogo akakohoa.

Halafu muzee akanipa sheria yake. Kila asubuhi, mbele ya kugusa kamba, nimuletee swali moja. Bila swali hakuna kazi. Na yeye hajibu siku ile ile. Anajibu kesho yake. "Swali ikilala," alisema, "inaamuka na akili."

Mimi maswali siyakosi. Nikamuuliza papo hapo kwa nini kichwa chake kiko na nywele nyuma na juu, lakini pale juu ya paji hakuna hata moja. Alifikiri kwa heshima, kama vile nimemuuliza Biblia. Akasema kesho.

10/9

Jibu: kamba ya muzigo ilizila zile nywele. Tangu akiwa mutoto anabeba kamba za daraja mugongoni, mukanda ukiwa juu ya paji. Aliniinamia nishike. Ngozi pale ni ngumu kama kwato.

13/9

Tumeingia pori ya ndani kukata kamba, zile zinazoota zikipanda miti. Mimi nilifikiri kamba ni kamba. Yeye anapita mbele ya kumi ananyamaza, ya kumi na moja anaipiga na kucha, anaweka sikio. Kuna ya kike, kuna ya kiume, kuna ya uongo ambayo inameremeta lakini ndani ni maji matupu. Mimi bila shaka nilichagua ya uongo mara tatu, maana ilikuwa nzuri.

Mbele ya kukata ya kwanza alivua kofia, akaweka ndizi mbivu kwenye shina, akataja majina ya waliojenga mbele yake, moja moja, mpaka nikachoka kusimama. Huyu ni shemasi kanisani. Nikamuuliza kama pastori anajua mambo ya hizi ndizi. Akasema pastori njo alimupa.

Ile kamba iliposhuka kutoka juu, pori yote ilitikisika, majani na maji na wadudu vikatumwagikia. Ilikuwa ndefu kuliko kitu chochote nilichowahi kushika, na ilikuwa baridi, na nilipoilaza begani ilikuwa kama kubeba nyoka aliyekubali.

15/9, yenga

Siku ya kanisa. Nimevaa shati ya bluu. Colette anayeuza mandazi pale kwenye bandari ya mutumbwi amecheka nilipopita. Sijui kama ni uzuri ao ni kandambili.

21/9

Leo kamba za kwanza zimevuka. Papa Hubert alivuka na mutumbwi akiburuza uzi mwembamba, kwenye uzi kamba ndogo, kwenye kamba ndogo kamba kubwa. Mimi ngambo hii ninalegeza, yeye ngambo ile anavuta. Kwangu kuna muti mukubwa wenye mizizi kama kuta za nyumba, kwake mwingine. Tulipomaliza, ile kamba ililala katikati ya hewa, juu ya muto, inatikisika kidogo.

Nimeona magari, nimeona ndege ya Umoja wa Mataifa. Hii inavipita. Asubuhi hapakuwa na kitu, sasa kuna mustari.

24/9

Kazi yangu ni mbavu. Daraja iko na kamba za chini za kukanyaga, na kamba mbili za mukono, kushoto na kuume. Mbavu zinashuka kutoka kamba za mukono mpaka chini, ili muntu asianguke pembeni. Papa Hubert anaanza kwake, mimi kwangu, tunakwenda katikati. Ni kusuka kikapu ukiwa ndani ya kikapu, na chini yako kuna muto.

Fundo lake ni la pori, linazunguka mara nyingi, linachosha vidole. Leo nilipoona hanitazami nilifunga lile la kwetu, la ndama. Masisi ukikamua ng'ombe unamufunga ndama pembeni: kamba inazunguka, inarudi chini yake yenyewe, inalala kushoto. Ndama akivuta, linakaza. Wewe ukivuta mukia wa fundo, linafunguka mara moja. Nilifunga mbavu tano wakati yeye anafunga mbili.

Jioni alivuka akaja kuangalia. Aliligusa na kidole, akalizunguka, akalivuta. Nikamwambia hiyo ni akili ya milimani. Akasema mvua inakuja, tuondoke.

25/9

Mvua.

26/9

Mvua. Swali la leo: sisimizi wanajuaje kwamba maji yanapanda? Niliwaona wamebeba mayai yao wanahama jikoni kwa mama mudogo.

27/9

Jibu: "Nyumba yao iko chini. Mwenye nyumba chini hangoji komite." Mvua.

1/10

Kwa kuwa siku hizi muto unapiga kelele, hatusikilizani kutoka ngambo mpaka ngambo. Leo amenifundisha kusema kwa kamba. Kuvuta mara moja: si vizuri, legeza. Mara mbili: ni vizuri, kaza. Mara tatu: niko na swali. "Hiyo ya tatu ni yako wewe," alisema. Basi nikivuta tatu, tunapanda wote kwenye kona ya juu, pale muto unabanwa na mawe, sauti inapita kama uko na mapafu ya Masisi.

Ni ajabu. Nikiweka kiganja juu ya kamba ninasikia mukono wake. Ninajua akikohoa. Ninajua akipumzika. Leo nilijua ameacha kamba ili achukue tumbako, na nilipotazama, kweli, moshi.

8/10

Swali: kwa nini mwanamuke akipita kwenye daraja anavua viatu na mwanaume havui? (Jibu litakuwa kesho.)

9/10

Jibu: kwa sababu mwanaume hana akili.

11/10

Maswali yamekwisha. Kweli. Nimeuliza kamba, nimeuliza miti, samaki, bibi yake marehemu, kama Mungu anavuka muto kwa daraja. Kila siku ubavu, fundo, ubavu, fundo. Nimekwisha kujua kazi hii. Ndani ya mwezi moja! Wengine wanasema mufundi anahitaji miaka. Labda wengine.

Na yeye amechoka na mimi, ninaona. Majibu yamekuwa mafupi. Jana nilipouliza alisema hilo nilikwisha kuliuliza mwezi wa tisa. Rafiki yangu wa Mubi ametuma ujumbe, kuna pikipiki inatafuta dereva.

14/10

Sikuwa na swali. Nikauliza: "Papa, leo ni siku gani?" Akakaa chini ya muti, akachonga kijiti chake mpaka saa sita, akaenda nyumbani. Hatukufanya kitu. Watu wa mutumbwi waliona. Papa Sébastien aliona.

15/10

Swali: "Papa, jana ilikuwa siku gani?" Amekwenda nyumbani tena. Mimi nilicheka. Yeye hapana. Colette pia hapana.

16/10

Leo hakukuja. Basi nimeamua kuonyesha. Nimefanya kazi peke yangu, tangu asubuhi, bila maneno, na ninaapa hakuna aliyewahi kufanya kazi vile hapa Kibua. Kamba ya mukono ya kushoto ilikuwa inalegea, nikaikaza kwenye muti mpaka ikaimba. Ya kuume nilichoka, nikaifunga ilivyo. Halafu mbavu, mbavu, mbavu. Nimefika karibu na katikati. Jioni nilisimama kule juu, mikono kiunoni, Colette alikuwa bado bandarini. Alinitazama. Nimelala bila kula, kwa furaha.

17/10

Daraja imepinda.

Asubuhi ukungu ulipotoka tuliiona wote. Upande wa kushoto uko juu, wa kuume chini, daraja nzima imelalia upande kama muntu anayetega sikio kwa jirani. Ukikanyaga, inakumwaga. Mutoto moja wa shule alijaribu hatua mbili akarudi analia.

Papa Sébastien alikuja na komite nzima. Hakupiga kelele, na hiyo ilikuwa mubaya zaidi. Alimwambia mama mudogo anifungie nguo. Alisema nyasi ni nyasi.

Papa Hubert alifika na mutumbwi. Alipanda, akatembea ndani ya ile daraja iliyopinda kama vile iko sawa, akaweka kiganja kwenye kamba ya kushoto, kwenye kamba ya kuume. Akarudi kwangu.

"Fungua."

"Ngambo gani, Papa?"

"Upande wako wote."

Nilifungua. Mafundo ya ndama yanafunguka mara moja, hiyo nilijisifu zamani. Leo ningependa yangekuwa magumu kidogo. Kila nililovuta lilianguka, na mbavu za mwezi mzima zikaondoka na maji. Papa Sébastien alikuwa amesimama nyuma yangu anangoja nimalize ili nifukuzwe kwa utaratibu.

Halafu watu wakaanza kunyosha vidole. Nikainua kichwa. Ngambo ile, muzee alikuwa amevuka tena, amepanda kwenye muti wake, naye anafungua. Ule upande wake uliokuwa sawa. Mafundo yake ya pori, yale ya kuchosha vidole, anayakata na mupanga, moja moja, ubavu mumoja mumoja, kutoka katikati mpaka kwake. Nilipiga kelele, muto ukala sauti. Nilishika kamba nikavuta mara moja, mara moja, mara moja: si vizuri, legeza, acha. Hakuacha. Nilisikia mupanga wake ndani ya kiganja changu.

Mpaka saa kenda hapakuwa na daraja tena, ngambo zote mbili. Papa Sébastien alitazama huku, akatazama kule. Kama ni kufukuza aliyeharibu, sasa ni wawili, na moja wao ni shemasi. Alikwenda nyumbani bila kuaga.

Mimi nilibaki pale mpaka mama mudogo akanituma mutoto. Sijui nimeona nini leo. Ninajua tu kwamba sijawahi kuona.

18/10

Sikuhitaji kutafuta swali. Nilikuwa kwenye kona ya juu mbele ya jogoo. Niliuliza: kwa nini ulikata yako? Alisema kesho. Nilitaka kumurushia jiwe.

19/10

Ninaandika kama alivyosema, nisisahau.

"Kamba mupya inavuta. Inakauka, inajikunja, inatafuta mahali pa kulala. Ya zamani imekwisha kulala. Kama ningebakisha yangu, yako ingekimbia na yangu ingekaa, na anayevuka njo angeanguka. Kamba za daraja lazima ziwe za umri moja."

Nikamwambia lakini yako haikuwa na kosa.

"Ndiyo," alisema. "Niliisikitikia sana."

Halafu akasema kosa lake pia liko. Aliona tangu katikati ya mwezi kwamba mimi na yeye tumelegea, akafikiri mimi njo nitakaza. Kamba haikazwi na ngambo moja, alisema, na yeye amejenga daraja nyingi kiasi cha kujua hivyo. Muzee wa umri ule ananiambia hivyo mimi. Nilitazama nyuma kama kuna muntu mwingine.

21/10

Tumeanza upya. Pori, ndizi, majina. Leo nilisimama mpaka jina la mwisho. Na sheria imebadilika: nisimuletee tena swali la kichwani. Nilete la kitu nilichoona kwa macho siku ya jana.

22/10

Swali: kwa nini ukifunga fundo la mwisho la siku, unalifungua na kulifunga tena?

23/10

Jibu: mara ya kwanza mikono inataka kwenda nyumbani.

Tangu lini alikuwa anafanya hivyo? Tangu mwanzo, alisema. Nilikuwa nafanya kazi na muntu huyu mwezi mzima bila kumuona.

2/11

Leo amesema tubadilishane ngambo. Mimi nikafanye kwake, yeye kwangu, siku moja tu, mbele ya mutumbwi kushindwa kabisa. Alisema kila fundi anajua mbele ya kazi ya mwenzake, lakini nyuma hajui.

Nilivuka nikapanda kwenye muti wake. Mbavu zake zimenyooka, zinafuatana kama sauti za kwaya ya wamama. Nikaanza kuhesabu mafundo yake ya pori kwa mukono, nikisifu moyoni, na kule ndani, karibu na shina, mahali ambapo muntu akisimama ngambo yangu hawezi kuona, nikakutana na lingine, kwenye kipande cha kamba ya zamani.

La ndama.

Nililitazama mara mbili. Kamba inazunguka, inarudi chini yake yenyewe, inalala kushoto. Karibu. Ile sehemu ya kulala haikuwa sawa, alikuwa ameipitisha juu badala ya chini, kwa hiyo linakaza lakini ukivuta mukia halifunguki. Na pale kamba ilikuwa imechubuka, imechakaa kwa kufungwa na kufunguliwa. Pembeni kuna lingine, limechubuka vile vile. Na lingine. Alikuwa amekaa huku ngambo, peke yake, anajifunza fundo langu kwa kukumbuka tu. Tangu ile jioni aliyoligusa na kidole akasema mvua inakuja.

Nilishika ule muti. Mimi ninajisifu, hilo linajulikana. Nimejisifu kwa vitu ambavyo sikufanya. Hiki nilikifanya kweli, na sikutaka kumwambia muntu. Sikuligusa. Tuliporudi kila moja kwake, aliniuliza kama nimeona kitu. Nikasema nimeona kwamba mbavu zake ni nzuri.

9/11

Mutumbwi umefungwa. Hapa maji yakiwa makubwa hawataji jina la muto, wanasema tu Mukubwa. Mukubwa amekula shamba la mihogo la jirani. Papa Hubert amebaki ngambo ile, analala ndani ya kibanda cha majani. Watoto wa huku hawasomi. Chumvi imekwisha.

12/11

Hata kwenye kona ya juu sauti haipiti tena. Imebaki kamba tu. Asubuhi ninavuta mara tatu, niko na swali, na yeye anavuta mara mbili, vizuri. Swali lenyewe hawezi kulisikia. Ninalo tu, ninafanya nalo kazi muchana kutwa, na jioni, ni ajabu kusema, mara nyingi jibu linakuwa limekuja.

17/11, yenga

Pastori ametangaza: yenga ijayo kufungua daraja. Papa Sébastien ametoa mbuzi. Wajenzi njo wanavuka kwanza, kila moja kutoka ngambo yake. Nimefua shati ya bluu. Nimemwambia Colette asimame pale mbele.

21/11

Sisimizi wanapanda muti wangu. Mustari murefu, kutoka kwenye mizizi mpaka kule juu nisikofika, na mayai midomoni. Nilipiga mizizi na kisigino. Ni muti mukubwa. Daraja ya babu wa watu wa Kibua ilifungwa hapo hapo.

Mvua si inanyesha bado? Sisimizi wanahama kila siku.

22/11

Leo ilikuwa kukaza kwa mwisho. Kijiji kizima kilikuwa ukingoni, watoto wamepanda miti, mbuzi amekwisha kuchinjwa kwa sababu mama za komite wanapenda kuanza mapema. Daraja ilikuwa nzima, mbavu zote, imelala juu ya maji mekundu, na ninasema bila kujisifu kwamba ilikuwa kitu kizuri kuliko vyote nilivyoona. Ilibaki nivute mara mbili, Papa Hubert afunge kabisa, na mimi nifunge.

Sisimizi walikuwa bado wanapanda. Nilichimba kwa kidole chini ya muzizi wa upande wa maji. Kidole kikaingia. Nikaingiza mukono. Ukaingia mpaka kiwiko, na ndani kulikuwa baridi, kulikuwa na maji yanayotembea.

Nilijua nini kingefuata nikisema. Mbuzi. Pastori. Shati. Papa Sébastien alikuwa nyuma yangu kabisa, ninasikia pumzi yake, ananiambia vuta basi, watu wanangoja. Na muti ulikuwa umesimama wima kama askari, pengine utasimama miaka mia. Nilishika kamba. Mikono yangu ilitaka kwenda nyumbani.

Ndipo kamba ikavuta kutoka ngambo ile. Mara moja. Mara mbili. Nikafikiri amechoka kungoja, anasema kaza. Ikavuta mara ya tatu.

Tatu ni yangu mimi. Hakuwahi kuvuta tatu. Nilimutazama, kidogo kama kidole kule ngambo, amesimama kwenye muti wake na kiganja juu ya kamba, ananingoja. Alikuwa na swali. Yeye ambaye alijenga daraja wakati mama yangu hajazaliwa alisimama pale asikoweza kuona mizizi yangu, na kuna kitu kimoja tu duniani alichokuwa hakijui, na muntu moja tu wa kumwambia.

Nilivuta mara moja. Si vizuri. Legeza.

Hakungoja hata kupumua. Alilegeza. Daraja nzima ikashuka karibu na maji, na kijiji kikatoa sauti kama muntu aliyepigwa tumboni.

Papa Sébastien aliniuliza ni kwa nini. Nikasema sisimizi. Akauliza tena, polepole, kama anaongea na mugonjwa. Nikamwonyesha shimo. Alisema sisimizi hawamo ndani ya komite, na kwamba leo leo ninaondoka. Mama mudogo Verdiane alijibu kutoka kule nyuma, na mukebe wa nyama mukononi:

"Aondoke kupitia wapi, Papa Sébastien? Barabara iko ngambo ile."

Watu wakacheka, hata yeye mudomo ulimuponyoka kidogo. Tukala mbuzi.

25/11

Tumehamisha kamba kwenye muti wa nyuma, ule mufupi, juu ya mawe. Wanaume wengi wamesaidia. Papa Sébastien amebeba kamba kwa paji la uso. Ngambo ile Papa Hubert analegeza kila ninapolegeza, anakaza kila ninapokaza, bila kuuliza tena.

1/12, yenga

Tulivuka. Yeye kutoka kwake, mimi kutoka kwangu. Daraja ilipumua chini ya miguu, ikanipandisha, ikanishusha, haikulala upande wowote. Katikati tukakutana, Mukubwa anapita chini yetu na magogo yake. Ni nyembamba pale. Ili tupishane tulipaswa kushikana mabega na kuzungukana. Alinuka moshi na majani. Amekonda. Nilifikiri atasema kitu cha kuandika hapa. Alisema shati yangu imefungwa vifungo vibaya.

Nyuma yetu watoto wa shule walikuja mbio, mikoba juu ya vichwa.

4/12

Muti wa zamani bado umesimama. Kila anayepita kwenda soko anausalimia kwa sauti ili nisikie: "Habari ya leo, muti uliokufa?" Colette njo wa kwanza. Ninawaambia wangoje. Moyoni sijui. Pengine utasimama mpaka nizeeke, na mimi nitakuwa yule wa sisimizi. Nimegundua kwamba naweza kuishi na hilo jina.

5/12

Asubuhi niliamuka na swali langu tayari, juu ya yale mawe ya muti mufupi. Nilitoka nje. Papa Hubert alikuwa amekwisha kufika, amekaa kwenye kizingiti cha mama mudogo, kofia juu ya goti, kipande cha kamba mukononi. Hakuwahi kuja kwetu asubuhi. Mimi njo ninaendaga.

Aliniacha nikae. Akafunga lile fundo polepole: kamba inazunguka, inarudi chini yake yenyewe, akafika pale pa kulala, vidole vikasimama.

"Rukundo," alisema. "Hapa inapita wapi?"

Nilitazama ile kamba. Nilitazama ngozi ya paji lake, ngumu kama kwato. Jibu lilikuwa kwenye vidole vyangu tangu nikiwa na miaka mitano.

"Papa Hubert," nikasema, "nitakujibu kesho."